Daktari wa Kisogoni

Shangazi yangu hakai. Ukimwambia, "Kaa basi upumzike," atakaa kama aliyekalia msumari, kisha atainuka. Kazi yake ni kusuka nywele, na msusi husimama, hilo halina mjadala. Lakini wakati ule hata mteja asipokuwepo alikuwa hakai. Alifagia palipokwisha kufagiliwa. Alipanga vitana kwa ukubwa, akavivuruga, akavipanga kwa rangi. Alichungulia barabarani, akarudi, akapita mlango wa nyuma kwenda chooni, akarudi, akachungulia tena, kama mtu anayemsubiri mgeni na huku anaomba mgeni mwenyewe apotee njia.

Saluni ni chumba cha mbele. Cha nyuma tunalala mimi na yeye, maana mumewe yuko safarini na malori, na akija anakuja kama mvua ya kiangazi. Ndani kuna viti viwili, benchi la wanaosubiri, na draya moja inayolia kama mbuzi aliyekabwa. Kioo kipo, ila hakiko mbele ya mteja. Shangazi alikitundika ukuta wa nyuma makusudi. Mteja anatazama ukuta mtupu mpaka nywele ziishe, ndipo anageuzwa ajione. Ukimuuliza sababu anasema chungu hakifunuliwi mgeni kikiwa bado kinatokota.

Ukuta ule mtupu ndio uliomfanya ajue mambo ya mtaa mzima. Mtu akishakupa kisogo, haya zinamtoka. Anaona rangi ya ukuta tu, anasikia vidole kichwani, na mdomo unaanza wenyewe. Nimesikia pale habari za waume, za uvimbe, za watoto wanaolala nje, za dawa zilizotupwa chini ya kitanda. Shangazi anaitikia "enhe," anatia utani kidogo, mtu anacheka huku machozi yanamtoka. Wakampa jina la Redio. Lakini ilikuwa redio ya kupokea tu. Kurusha, hakurusha.

Na alikuwa na kicheko, jamani. Kilifika kwa fundi baiskeli ng'ambo ya barabara, naye anajibu kwa kugonga rimu.

Kisha kicheko kikakatika. Mtu akisimulia kichekesho, Shangazi anabana midomo, anapishanisha miguu akiwa wima, anashika kiti. "Hm," anasema. Basi. Wateja wakaanza kunong'onezana. Redio imeisha betri. Redio siku hizi ina maringo. Wengine wakahamia saluni ya kona, ile yenye taa za rangi.

Mimi nilijua, ingawa sikuambiwa. Tunaoga ndoo moja na kuanika kamba moja. Niliona sketi zake zote zimegeuka nyeusi, na zinafuliwa kabla sijaamka. Niliona akipiga chafya anakimbilia nyuma. Maji alikuwa hanywi. Ukimpa glasi anaishika, anaiweka dirishani, jioni naikuta vilevile na mdudu ndani. Siku moja kizunguzungu kilimshika katikati ya kazi, akashikilia kichwa cha mteja asianguke. Mteja akalalamika, "Redio, unasuka au unang'oa?"

Hospitali alikwenda. Nilimsindikiza. Foleni ilifika nje, na pale dirishani yule karani anauliza kwa sauti ya mnada, "Tatizo?" Kila mtu anasema lake na foleni nzima inasikia. Nyuma yetu walikuwepo wanawake ambao vichwa vyao tumevisuka sisi. Mmoja akapunga mkono, "Redio! Unaumwa?" Shangazi akamtazama karani, akatazama nyuma, akasema, "Kichwa." Akapewa vidonge vya kichwa. Njiani alitembea mbio mpaka nikaachwa.

Habari ya daktari wa simu ililetwa na Mwalimu, anayefundisha watoto wadogo na kusukwa mistari minene kwa sababu ana haraka.

"Mimi siku hizi naongea na daktari kwa simu," alisema.

Shangazi akasimamisha mkono. "Kwa simu? Na sindano anakuchoma kwa simu?"

Benchi likaangua kicheko.

"Chekeni tu. Ule upele wa shingoni nilimtumia picha, akaniuliza maswali, akaniambia la kufanya. Mimi niko kitandani na nguo ya kulalia."

"Akakuambia nini?"

"Niache cheni ya bandia."

"Hilo si hata mimi ningekuambia!"

"Ungeniambia na benchi zima lingejua nimevaa cheni ya bandia."

Hapo hata Mwalimu mwenyewe alicheka. Shangazi alishika kiti. Kisha akaanza kuuliza, kwa sauti ya chini, huku anagawa nywele polepole kuliko kawaida.

"Huyo daktari anakaa wapi?"

"Sijui. Mji mwingine huko."

"Anajua unapokaa?"

"Atajuaje?"

"Na siku ukikutana naye njiani?"

"Tutapishana, kila mtu na njia yake."

"Jina lako analo?"

"Analo lile nililompa."

Nikaona kitu. Shangazi hakuuliza kama daktari yule anaponya. Hakuuliza amesomea wapi. Alitaka kujua tu yuko mbali kiasi gani.

Jumapili mchana, saluni imefungwa, alikaa ukingoni mwa kitanda na simu. Mwalimu alikuwa amemwekea ile programu na kumwonyesha pa kubonyeza. Picha za madaktari zikawa zinapita, naye anazitoa makosa moja moja kama anayechagua nyanya. "Huyu kajipodoa, atanicheka. Huyu ana miwani, ataniona mno. Huyu kafanana na wifi, Mungu apishe mbali." Akasimama kwa mmoja, mwanamke wa makamo ambaye picha yake ilikatwa vibaya, sikio moja limebaki nje. "Huyu hana makuu," akasema. Kisha akanigeuzia mgongo na kuanza kuandika. Aliandika, akafuta, akaandika. Aliinuka, akazunguka chumba, akarudi, akafuta. Mwishowe akabonyeza na kuitupa simu kwenye mto kama imemuunguza.

Jibu likaja. Daktari angempigia kesho, baada ya kazi.

Hapo ndipo kosa lilipoanzia. Kazi ya daktari inaisha kwa saa. Ya msusi inaisha kwa kichwa.

Jumatatu jioni kichwa kilikuwa cha Afande, askari wa usalama barabarani anayeongoza magari kwenye makutano makubwa. Mwanamke mrefu, hacheki ovyo, anasimama wima kama nguzo hata akiwa amekaa. Upande wa kulia ulikuwa umekwisha, mistari inang'aa. Upande wa kushoto ulikuwa bado, umesimama kama uliopigwa shoti. Benchini walikuwepo Mwalimu, muuza mitumba na binti yake.

Simu ikalia.

Msusi hashiki simu. Vidole vina mafuta, na nywele ukiziachia zinafumuka. Anaibonyeza kwa kifundo cha kidole, sauti kubwa, anaongea huku anasuka. Wasusi wote ndivyo tunavyofanya, na mkono wa Shangazi ulikwenda wenyewe kabla kichwa hakijafikiri.

"Habari za jioni, mama," simu ikasema, sauti safi kama tangazo la msikitini. "Mimi ni yule daktari uliyeniandikia, kuhusu mkojo kukutoka ukicheka au ukikohoa. Tunaweza kuongea sasa?"

Hata draya ilikuwa imezimwa. Siku zote inatupigia kelele, siku hiyo ikatutupa.

"Kumbe!" muuza mitumba akasema, mkono mdomoni. "Ndiyo maana Redio haicheki!" Kisha yeye mwenyewe akacheka, kicheko cha puani.

"Hebu nyamaza wewe," Mwalimu akamkata.

"Halo? Mama, unanisikia?"

Nikaikata mimi. Shangazi alikuwa ameshaachia nywele za Afande na kupita mlango wa nyuma. Nilimwona uani anazunguka, anakwenda mpaka ukutani, anarudi, anashika kamba ya nguo, anaiachia. Kisha akaingia na kuwaambia wote watoke.

"Na mimi?" Afande akauliza, anajishika kichwa.

"Njoo kesho."

"Kesho alfajiri niko barabarani, Redio! Kofia itakaa wapi?"

Nikasema nitamalizia mimi. Afande akanitazama, akautazama mkono wangu. "Nusu yako, nusu yake? Nitaonekana kichwa nimekiazima kwa watu wawili." Akaondoka amejifunga taulo letu.

Shangazi hakungoja. Alivuka ua moja kwa moja, mimi nyuma yake, hadi kwa Mwenye nyumba, aliyekuwa mlangoni kwake anachuja chai.

"Mzee, mwisho wa mwezi natoka. Tafuta mtu wa chumba cha mbele."

"Unahamia wapi, mama?"

"Sihami. Chumba cha nyuma nabaki nacho. Saluni ndiyo basi."

Tuliporudi nikamuuliza tutasuka wapi. "Hatusuki," akasema, na akaanza kushusha rasta za kusukia kwenye misumari na kuzifunga mafungu. Alizifunga vibaya. Akazifungua. Akazifunga tena. Mimi nilikuwa nazitazama zile rasta na kuwaza, kama saluni inakufa, mtu huyu atakaa wapi kutwa nzima, na atamsikiliza nani.

Jua halijazama, mlango ukagongwa kwa ngumi.

"Fungua!" Ilikuwa sauti ya Afande. "Nimeijaribu kofia. Inakaa kama sufuria juu ya jiwe. Fungua, ama nakuja kazini na taulo na ninataja jina lako!"

Shangazi akafungua kidogo. Afande akaingiza mguu, kisha mwili wote, akaenda kukaa kwenye kiti chake, uso ukutani. Kichwa kile cha nusu kilikuwa kinatukodolea macho. Msusi wa kweli hawezi kukiacha, hata kama ameapa. Shangazi akapaka mafuta, akaanza.

Mstari mmoja ukaisha. Kisha Afande akauambia ukuta:

"Wewe unadhani mimi pale makutano nasimama vile kwa ukakamavu?"

Vidole vya Shangazi vikapunguza mwendo.

"Watu wananisifu. Afande amebana miguu, afande ana nidhamu. Nidhamu gani? Nabana nisiaibike mbele ya magari. Tangu mtoto wa pili. Lori likipiga honi nikashtuka, imekula kwangu. Nina suruali ya pili kwenye mkoba wa kazi."

"Wee!" Shangazi akasema.

"Kila siku. Wenzangu wanadhani nabeba chakula."

Niliisikia pumzi ya Shangazi ikitoka kwa pua, fupi, kicheko kinachotafuta mlango. Alipishanisha miguu haraka. "Usinichekeshe, Afande, nakuomba."

"Basi mpigie yule daktari."

"Mpigie wewe."

"Simu ni yako. Ugonjwa ni wa wote wawili lakini simu ni yako."

"Siwezi kumtazama usoni."

"Nani kakuambia umtazame? Nitazame mimi kisogo. Ongea na kisogo changu, yeye asikie."

Shangazi akasimama, mkono hewani. Akaenda mlangoni, akahakikisha komeo. Akaenda dirishani, akafunga. Akarudi, akashika nywele, akaziacha, akaenda tena mlangoni. Nilidhani atatoka. Kisha akarudi, na kwa kifundo cha kidole, sauti kubwa, akapiga.

"Mama," daktari alisema kabla hajaulizwa, "samahani sana. Nilipaswa kwanza nikuulize kama uko peke yako."

"Si wewe, daktari. Ni kidole changu." Akashika mstari mpya. "Na hata sasa siko peke yangu. Niko na mwenzangu, mtoto wa kaka yangu, na kichwa kisichoisha."

"Ungependa tuwashe picha?"

"Hapana!" walisema wote wawili.

Daktari akacheka kidogo, akaanza kuuliza. Unawaka moto ukikojoa? Kuna damu? Homa? Umezaa mara ngapi? Unahisi kitu kizito kinashuka huku chini? Shangazi alijibu yote, macho kwenye kisogo cha Afande, vidole vinasuka. Aliongea kama wateja wetu wanavyoongea, kwanza kwa kuchungulia, kisha kwa mkupuo. Maneno mengine nilikuwa sijawahi kuyasikia kinywani mwake. Alisema amefika mahali anaogopa watu wacheshi. Alisema anaona afadhali afunge saluni kuliko mteja asikie harufu.

Daktari hakumkatiza. Alipomaliza, akasema jambo hilo ni la wanawake wengi mno, hasa waliozaa, na kila mmoja anadhani ni lake peke yake. Misuli ya chini imelegea, akasema. Misuli hufunzwa. Akaeleza: unaibana kama unayezuia mkojo na hewa kwa pamoja, unashikilia, unahesabu polepole, unaachia, unapumzika, unarudia. Kila siku, asubuhi, mchana, jioni. Usifanye ukiwa chooni unakojoa. Na usitegemee ajabu wiki hii, ni kazi ya miezi.

"Nikiwa nimesimama inafaa?" Shangazi akauliza.

"Hata ukiwa unasuka. Hakuna atakayejua."

"Hata katikati ya makutano?" Afande akadakia.

"Hata hapo."

"Na maji kunywa," daktari akaendelea. "Kuacha maji kunakuumiza. Lakini lazima mwende mkapimwe mkojo, na mkaguliwe na mtu aliye mbele yenu. Kuna mambo mimi siwezi kuyaona kutoka huku. Hapo simu yangu inaishia."

Simu ilipokatwa Shangazi alisuka mpaka mstari wa mwisho. Kisha akasema, akijiambia mwenyewe: "Amesema hapo siwezi. Msusi anayekuambia nywele zako hizi siziwezi, huyo ndiye wa kumpa kichwa."

Walikwenda pamoja, hospitali ya upande mwingine wa mji, Afande na sare zake ili foleni iwaheshimu. Haikuwaheshimu, lakini walipimwa. Shangazi hakukutwa na kitu kibaya. Muuguzi alimwambia yaleyale ya simu, na Shangazi akarudi amechukia kidogo kwamba hakuna jipya, na huku amefurahi kwa sababu hiyohiyo.

Hakutulia, msidhani. Kila alipokohoa alisikilizia, uso umekaza, kisha ama unalegea ama anakwenda nyuma. Siku nyingine alikuja amenuna, anasema zoezi ni uongo. Siku nyingine alikunywa glasi nzima ya maji mbele yetu kama anayeapishwa. Rasta zilikuwa bado kwenye mafungu, hazijarudi misumarini. Hakusema anabaki, hakusema anatoka, nami sikumuuliza.

Muuza mitumba alirudi. Nilimtazama kwa jicho baya, lakini Shangazi alimkalisha. Alikaa, akautazama ukuta. Kisha: "Yule daktari wenu... anatibu na mambo ya wanaume?"

"Anauliza nani?"

"Nauliza tu. Ya mume wangu. Amekataa kabisa kwenda kokote."

"Mpe simu, umwache chumbani peke yake," Shangazi akasema. "Usisikilize mlangoni."

"Nitasikilizaje na mimi si mmbea?"

Benchi zima lilikohoa.

Mwezi ulikuwa unakatika Mwenye nyumba alipoingia na kijana mwenye futi ya kupimia. Kijana hakusalimu, alianza kupima ukuta mtupu, pale juu ya kichwa cha mteja.

"Mama, huyu ndiye mpangaji mpya," Mwenye nyumba akasema. "Anatengeneza simu. Anataka kujua draya unaiacha au unaondoka nayo."

Shangazi akainua kidole: subiri. Alikuwa amesimama nyuma ya mteja, macho yamekaza, shingo imenyooka, hapumui vizuri.

"Ana nini?" kijana akauliza.

"Anahesabu," nikasema.

"Anahesabu nini?"

Shangazi akaachia pumzi, mabega yakashuka.

"Mzee, nilikuambia natoka. Ni kweli nilikuambia. Sasa sitoki."

"Mama, mtu ameshakuja na futi!"

"Namwona. Namwomba radhi."

"Si ulisema saluni basi? Hukusema hata sababu."

Kwenye kiti alikuwepo mteja, benchini watatu, kijana mlangoni na futi yake imening'inia. Hakuna aliyempa Shangazi kisogo isipokuwa yule wa kitini. Niliona mkono wake unafuta mafuta kwenye aproni, unafuta tena mahali palipokwisha kukauka. Kisha akamtazama Mwenye nyumba usoni, kavu kabisa.

"Mkojo ulikuwa unanitoka nikicheka, Mzee. Nikaona aibu, nikataka nifunge. Sasa natibiwa. Bado unatoka, lakini si kama mwanzo. Daktari kasema miezi. Nami siwezi kukaa miezi hiyo yote chumba cha nyuma natazama dari."

Mwenye nyumba aliangalia sakafu, dirisha, kisha viatu vyake. "Pole, mama," akasema, mara mbili, ya pili kwa sauti ndogo zaidi. Kijana alikuwa anajaribu kuirudisha futi kwenye kasha lake, nayo inakwama na kutoka, inakwama na kutoka, mpaka mtu mmoja benchini akashindwa kujizuia na cheko likaenea.

Shangazi alicheka pamoja nao. Katikati alinyamaza ghafla, akasikiliza mwilini mwake, tukanyamaza sote tukimsubiri. Akatikisa kichwa, akapiga hatua kuelekea mlango wa nyuma, akasita, akarudi.

"Kidogo tu," akatuambia, na akainamisha kichwa cha mteja mbele ili afikie nywele za shingoni.